Msomaji ajibu: Kumsomea mwenzako Maandiko ni wajibu wa nani?

Mhariri,

Swali lenu la juma hili linauliza kama kuwashirikisha wengine Maandiko ni wajibu wa kila Mkristo, au ni kazi ya wachungaji na wainjilisti waliosomea. Mimi ni mkazi wa Kisauni, Mombasa, na jibu langu ni kwamba wajibu huo ni wa kila aliyebatizwa, ingawa wengi wetu twaukimbia kwa kudhani kwamba kuutimiza ni lazima mtu asimame mbele ya umati.

Agizo la Mathayo 28, la kwenda kuwafanya mataifa yote kuwa wanafunzi, walipewa wanafunzi kumi na mmoja, na mtu aweza kudai kuwa liliwahusu wao tu. Lakini Matendo 8 yaeleza kwamba mateso yalipozuka baada ya Stefano kuuawa, waumini walitawanyika isipokuwa mitume, na hao waliotawanyika ndio waliokwenda wakilihubiri neno. Katika sura hiyo hiyo tunamwona Filipo, mmoja wa wale saba waliochaguliwa kuhudumu mezani, akikaribia gari la towashi wa Kushi aliyekuwa akisoma Isaya. Alianza kwa kuuliza kama msomaji anaelewa, akajibiwa, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Ndipo akaombwa apande waketi pamoja, naye akaanzia pale pale mwenzake alipokuwa amefikia. Kwangu mimi, huo ndio mfano ulio karibu zaidi na uwezo wa muumini wa kawaida.

Simlaumu anayehubiri kwenye feri ya Likoni, maana wapo walioguswa na neno walilolisikia wakiwa safarini. Hata hivyo, abiria hana nafasi ya kuuliza, na maswali ndiyo humzuia mtu kusonga mbele.

Historia ya pwani yetu inashuhudia kwamba kazi hii haipimwi kwa wingi wa watu. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akafiwa na mkewe na mtoto wao mchanga mwaka huo huo, na bado akaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji, Ali bin Mohedin. (Ni vyema Wakristo wa Mombasa wakumbuke kwamba Mwislamu alikuwa na mkono katika kazi hiyo.) Mwaka 1846 Krapf na mmisionari mwenzake Johannes Rebmann walianzisha misheni ya Rabai, karibu na Mombasa, lakini mtu wa kwanza kubatizwa huko, mlemavu aitwaye Mringe, alibatizwa mwaka 1851 akiwa mgonjwa mahututi. Rebmann aliendelea na kazi hadi 1875, akiwa amekwisha kupofuka. Kwa hesabu ya mikutano yetu ya siku hizi, wangeonekana wameshindwa, nami sikubali kabisa kwamba walishindwa.

Kwa kuwa tunaishi mlango kwa mlango na Waislamu, 1 Petro 3:15 inatuhusu sana: tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu, "lakini kwa upole na kwa hofu". Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kuidhihirisha imani yake, na kinakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Jirani asiyetaka mazungumzo hayo aachwe kwa amani, na ujirani uendelee vile vile.

Wanaotungoja wako karibu kuliko tunavyodhani: bibi ambaye macho yake hayaoni tena maandishi, kijana aliye na Biblia nzima katika simu yake na hajui pa kuanzia, mzee ambaye hakupelekwa shule. Anayetaka kuanza na achague Injili ya Marko, yenye sura 16 tu, asome sura moja kwa sauti pamoja na mtu mmoja aliyekubali, na amwache aulize. Asipolijua jibu, aseme wazi kwamba halijui, kisha alitafute kwa mchungaji au mwalimu wa Biblia kabla hawajakutana tena.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa