Jiufen: siku moja au kulala?

Umeuliza kama siku moja inatosha kwenda Jiufen, mji mdogo wa milimani Taiwan uliokuwa wa machimbo ya dhahabu, na kurudi Taipei, mji mkuu. Inatosha, ila nakushauri sana ulale huko. Mchana Mtaa wa Jishan, mtaa wake mkuu wa maduka, hufurika watu; jioni watalii wengi wakishaondoka, ndipo unapopanda ngazi za mawe za mji huo kwa raha zako. Chukua treni hadi stesheni ya Ruifang, kisha basi. Beba mwavuli, huko mvua ni nyingi.

Na tafadhali usiiache Jinguashi, kijiji kingine cha migodi, ni jirani kabisa. Uchimbaji wa dhahabu Jiufen ulikoma mwaka 1971, lakini Makumbusho ya Dhahabu ya Jinguashi yana handaki la mgodi unaloweza kuingia na mche wa dhahabu wa kilo 220 unaoruhusiwa kuugusa. Tembelea pia kumbukumbu ya wafungwa wa Vita vya Pili vya Dunia, waliolazimishwa na Wajapani kuchimba shaba hapo. Wageni wengi huipita bila kujua.