Nafasi ya 58 haielezi mtoto anajua nini

Dada yangu, umeuliza kama umhamishe shule mwanao wa darasa la nne huko Mbagala kwa sababu amekuwa wa 58 kati ya 90, ilhali binti wa jirani ni wa 3. Nimefundisha shule ya msingi hapa Temeke kwa miaka mingi, na ninakusihi usimhamishe kwa sababu hiyo peke yake. Nafasi hutegemea alama za wenzake: mtoto aliyetoka alama 40 hadi 55 anaweza kubaki palepale iwapo darasa zima limepanda, na juhudi yake isionekane kabisa kwenye ripoti. Hata Baraza la Mitihani liliacha, mwaka 2023, kutangaza shule na wanafunzi kumi bora kitaifa, uamuzi ambao niliufurahia sana. Kaa naye jioni mkiwa na madaftari yake, muone ni hesabu zipi zinazomkwamisha. Huenda ni kugawanya tu. Umeandika pia kwamba hufungua redio mbovu ya babu yake na kuifunga tena bila kupoteza hata skrubu moja. Mweleze mwalimu wake jambo hilo, na bisibisi usimnyang'anye.