Kulala kwenye gari mkiwa wawili: kutoka Moshi hadi pwani ya Pangani

Rafiki zetu wa hapa Moshi wakisikia mimi na mume wangu tunashuka pwani na Hiace na kulala humohumo, huuliza kwanza kuhusu gharama. Gharama zinapangika. Kinachoamua kama safari itakuwa tamu au chungu ni jambo jingine: nani anaamua mtalala wapi, na anaamua saa ngapi. Watu wawili wanaopendana wanaweza kuzozana vibaya sana ndani ya gari dogo, jioni, wakiwa na njaa, kwenye njia wasiyoijua.

Kwetu mahali pa kulala panaamuliwa kabla ya saa tisa alasiri. Wakati huo mmeshakula, mwanga bado upo, na mkifika mkapakuta hapafai mnaweza kusogea mbele. Tumegawana kazi: mume wangu ana gari, mimi nina malazi na chakula. Mwenye kazi yake ndiye mwenye neno la mwisho, na mwenzake akishasema maoni yake ananyamaza. Dereva kamwe haamui malazi, kwa sababu dereva aliyechoka anakubali popote, hata kando ya lami. Mkikubaliana hivyo nyumbani kabla ya kuwasha gari, mmejiepusha na nusu ya ugomvi.

Gari lenyewe halihitaji makubwa. Tulitoa viti vya nyuma, seremala akatuundia kitanda cha mbao chenye nafasi ya vyombo chini yake, na fundi cherehani akashona vyandarua vya kupachika madirishani. Kama hela ni ya kitu kimoja tu, acheni friji, nunueni vyandarua. Usiku wa pwani ni wa joto: ukifunga vioo huwezi kulala, ukivifungua bila chandarua mbu wanakumaliza. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unatosha, ila pikieni nje siku zote, hata mvua ikinyesha tungeni turubai. Na msilale injini ikiunguruma ili mpate kiyoyozi. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua watu usingizini.

Ondokeni Moshi alfajiri. Himo, Mwanga na Same mtazipita kungali na ubaridi, kabla jua la tambarare chini ya milima ya Upare halijakolea. Heshimuni vibao vya 50 kwenye kila makazi, maana tochi za trafiki ziko kazini, na zaidi ya faini, kuna watoto wanaovuka kwenda shule. Segera mnapinda kushoto kuelekea Tanga, Muheza mnanunua machungwa. Siku hiyo laleni Tanga mjini. Kuna wanaong'ang'ania kufika Pangani siku hiyohiyo, na nadhani hapo ndipo safari nyingi za wawili huharibika, kwa sababu mnafika gizani na hakuna wa kumuuliza.

Asubuhi yake, kama mnapenda mapango, Amboni iko jirani na mji. Mimi ningependelea Tongoni, kwenye njia ya kwenda Pangani: magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40, bahari ikionekana kwa nyuma. Nendeni kabla jua halijawa kali, na mvae kwa heshima. Pale wamezikwa watu.

Sasa bahari. Sisi wa mlimani tumezoea mto, na mto unapandisha maji mvua ikinyesha. Bahari ina ratiba yake. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa kama dakika 50, kwa hiyo jana si kipimo cha leo. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua: maji yanapanda juu kabisa na kushuka chini kabisa, na kwenye pwani hii tofauti hupita mita 3. Mchanga uliokuwa uwanja saa nane mchana unaweza kuwa bahari usiku.

Kule Ushongo, kusini ya Pangani, tulifika mwezi ukiwa mpevu. Nikashuka kwenda kumsalimia mzee aliyekuwa akishona wavu kivulini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Mwatoka wapi?"

"Moshi, babu. Tunaomba utuonyeshe pa kuegesha gari tulale."

Hakujibu mara moja. Alinyoosha kidole kwenye mstari wa mwani mkavu uliokuwa juu ya ufuo. "Wauona mwani ule? Ule wa juzi. Leo maji yataupita. Na pale kwenye minazi msikae, nazi haina macho." Kisha akatuelekeza pahali palipoinuka, penye nyasi fupi na ardhi ngumu, mbali na minazi. Usiku maji yalikuja, na asubuhi mwani ulikuwa umelala hatua kadhaa juu ya ule wa jana.

Kwa hiyo ulizeni wenyeji, tena muulize kwa adabu, na mkishaelekezwa mkaripoti kwa mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji. Mjitambulishe kuwa ni mume na mke, mseme mtakaa mpaka lini. Gari geni ufukweni usiku linawatia watu wasiwasi. Mkishajulikana, kijiji kizima kinakuwa mlinzi wenu, na asubuhi mtaletewa changu au pweza waliotoka majini sasa hivi. Mke abebe kanga mbili za kujitanda akienda kijijini. Nguo za kuogelea ni za majini.

Pangani yenyewe ipeni siku nzima, kwa ajili ya mto. Maji ya Kikuletwa na Ruvu, yanayotoka Kilimanjaro na Meru, yanaingia Nyumba ya Mungu, yanatoka kwa jina la Pangani na kuja kumwagika hapa baharini. Mtu wa Moshi akisimama kwenye mlango ule wa mto anatazama maji ya kwao. Mume wangu alikaa pale muda mrefu bila kusema neno, nami nikamwacha. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu kutoka Kilimanjaro na Umasaini ilikuja kuishia katika mji huu, na ni hapa Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim, Desemba 1889, kwa kuongoza vita ya kupinga utawala wao. Tembeeni kwa miguu katika mitaa yake ya zamani. Milango na kuta zake zinasikitisha kwa jinsi zinavyoachwa kubomoka, na natamani wenye uwezo wazitengeneze kabla hazijaisha.

Kwenda Ushongo, sisi tulivuka mto kwa pantoni kwenda Bweni, ng'ambo ya pili, daraja likiwa bado linajengwa. Kwenye pantoni abiria wote hushuka na dereva huingiza gari peke yake. Fuateni hivyo bila kubishana.

Mkitaka kuendelea hadi Saadani, hifadhi pekee ya taifa Tanzania Bara inayopakana na bahari, nendeni kiangazi, Juni hadi Oktoba. Wakati wa masika udongo mweusi wa kule unashika gari mpaka kwenye ekseli. Ndani ya hifadhi mnalala kwenye kambi zilizotengwa tu. Kwenye mchanga laini punguzeni upepo wa matairi, mkirudi lami mjaze tena.

Na msipeleke gari kwenye maji ya chumvi hata kwa ajili ya picha. Hewa ya bahari peke yake inatosha kulitia kutu. Kabla ya kuondoka Tanga tunasimama kwenye sehemu ya kuoshea magari, na mume wangu anasimama pale pale na muoshaji kuhakikisha presha ya maji inapita chini: chesisi, springi, na nyuma ya kila tairi. Tukifika Moshi godoro linatolewa nje na kuanikwa kutwa nzima, kwa sababu unyevu wa pwani ukibaki ndani ya sponji, kwenye baridi yetu hii ya Julai haukauki.