Kapasita ya volti nyingi: anza na chombo

Nilipokuwa nikiwaundia wanafunzi wangu wa fizikia koili ya Tesla, mtambo wa kurusha cheche za volti nyingi, hapa Kisumu, niliharibu kapasita mbili, yaani vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme, kabla ya kupata inayodumu. Hesabu zilikuwa sahihi zote mbili. Ya kwanza iliuawa na hewa, ya pili na uvujaji.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: foili mbili za alumini za sentimita 30 kwa 84, zikitenganishwa na nailoni ya milimita 0.5, hutoa takriban nanofaradi 10, kipimo cha uwezo wa kuhifadhi chaji. Nailoni ya wajenzi ya geji 1000 ina milimita 0.25, basi tandika mbili, ili kitundu cha moja kifunikwe na nyingine. Chagua inayopitisha mwanga. Ile nyeusi imetiwa masizi ya kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Foili iishie sentimita 4 kabla ya ukingo wa nailoni.

Ya kwanza niliiacha wazi. Gizani hewa ya kwenye kingo zake iling'aa zambarau, na siku ya pili nailoni ikatoboka. Mafuta hufukuza hewa hiyo, mradi uyamimine polepole na kuyaacha siku mbili tatu ili viputo vipate kupanda juu.

Ya pili niliizamisha kwenye mafuta, lakini gasketi, raba ya kuziba maungio, niliikata kwenye tyubu kuukuu ya gari niliyonunua soko la Kibuye. Mafuta ya madini huvimbisha raba ya tyubu, na meza nzima ililowa. Sasa natumia bomba la maji taka la inchi 4, kifuniko cha chini kimegandishwa kwa gundi ya mabomba, na bolti mbili, moja kwa kila foili, zote hutokea juu. Pasiwe na tundu lolote chini ya usawa wa mafuta! Acha nafasi ya sentimita 3 juu, maana joto la mchana huyatanua. Jaribu chombo kwa maji usiku kucha, kisha ukikaushe kabisa. Gundi na silikoni hazishiki tena palipopakwa mafuta.

Kwa mafuta yenyewe, nunua parafini nyeupe ya maji ya duka la dawa, si mafuta taa ambayo wengi wetu huyaita parafini. Hayo huwaka upesi. Na tafadhali usiguse mafuta ya transfoma yanayouzwa kichinichini. Ya zamani huweza kuwa na PCB, kemikali sumu ambazo Mkataba wa Stockholm unazipiga vita.

Kwa volti 10,000 nanofaradi 10 hubeba nusu jouli ya nishati. Ukiziunga kumi sambamba ni jouli 5, na hapo moyo wa mtoto uko hatarini. Chomoa plagi kwanza, kisha unganisha bolti mbili kwa waya wenye mpini mrefu mkavu wa plastiki, na uuache waya hapo hapo hata kapasita ikiwa kabatini, kwa sababu chaji kidogo hurudi yenyewe. Wanafunzi wangu husimama mita 3 nyuma, nami peke yangu ndiye ninayeshika swichi.