NLR ya chini isikufanye upunguze kolchisini

Dada, usiiguse hiyo dozi. Umesema mwanao wa miaka 4 ana homa ya kurithi ya Mediterania kutoka kwa baba yake Mturuki, ana miezi mitatu hajashikwa na homa, NLR (kipimo cha uvimbe kinachotolewa kwenye picha ya damu) imesoma 0.9, sasa unauliza kama kolchisini, dawa yake ya kila siku, ipunguzwe. Kosa hilo kwetu liliishia kwenye protini ya mkojo. Daktari aliyetuambia "damu safi, punguzeni" alisoma karatasi moja tu ya picha kamili ya damu, na hadi leo sijamsamehe.

NLR ni nyutrofili ugawe kwa limfosaiti, aina mbili za seli nyeupe za damu: 2.7 kwa 3.0 ndiyo hiyo 0.9. Kwa umri wake limfosaiti huwa nyingi kiasili, hivyo namba iko chini hata kama mwili unaungua ndani kwa ndani. Na wewe ni wa Unguja: watu wengi wenye asili ya Afrika huzaliwa na nyutrofili chache bila ugonjwa wowote, ingawa mtoto huwa hivyo hasa akirithi kwa wazazi wote wawili. Ikiwa juu, tafuta sababu. Ikiwa chini, bado hujajua kitu. MPV, yaani wastani wa ukubwa wa platileti (chembe za kugandisha damu), ndiyo mbaya zaidi: damu ikikaa saa kadhaa kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, platileti huvimba na namba hupanda, kumbe sampuli ilichelewa tu mezani.

Kinachomaliza figo kwenye ugonjwa huu ni SAA, protini inayotengenezwa na ini mwili ukiwa na uvimbe. Ikibaki juu kwa miaka, hata bila homa, vipande vyake huganda kwenye figo kama amiloidi, mabaki ya protini yasiyoyeyuka, na mtoto haumwi popote.

Kwa hiyo pima akiwa mzima: SAA na CRP (protini nyingine ya ini inayopanda kukiwa na uvimbe), wiki mbili au zaidi tangu homa ya mwisho, asiwe na mafua wala jino bovu. SAA iwe chini ya 10 mg/L. Maabara haina SAA? Shika CRP, rudia kila miezi 3 hadi 6. ESR, kasi ya seli nyekundu kuzama kwenye kichupa, hushuka polepole mno, itakuchanganya. Ongeza mkojo wa kwanza wa asubuhi, protini ilinganishwe na kreatinini.

Majibu yote hayo yawe mezani kwa daktari kabla kidonge hakijapunguzwa. SAA ikirudi juu mara ya pili, muulize kuhusu kuongeza dozi, hata kama mtoto anakimbia uwanjani.