Karakana ya Wasomaji: Magurudumu ya saizi tofauti kwenye pikipiki za adivencha

Barua za safari hii karibu zote zimehusu jambo moja: kutoa magurudumu ya kiwandani na kufunga ya saizi nyingine. Tumechagua tano. Vipimo vyote vya matairi humu ni vya hesabu. Tairi halisi hupungua au kuzidi kwa milimita chache, kwa hiyo la kwako lipime kwa futi kamba kabla ya kukata kitu chochote.

SWALI: Mhariri, salaam. Pikipiki yangu ilitoka kiwandani na magurudumu ya aloi, inchi 19 mbele (tairi 110/80) na inchi 17 nyuma (150/70). Nimepata seti ya spoki, 21 mbele kwa 18 nyuma, nikitaka kupita kwenye mawe na mchanga bila kuogopa kupasua rimu. Muuzaji anasema ni kufungua na kufunga tu. Ni kweli?

JIBU: Salaam ndugu msomaji. Kufungua na kufunga ndiyo sehemu rahisi. Kazi iko kwenye hesabu na kwenye nafasi.

Kwanza achana na inchi za rimu. Kinachobadilisha tabia ya pikipiki ni kimo cha tairi zima, na hicho unakipata hivi: inchi za rimu mara 25.4, kisha ongeza ubavu wa tairi mara mbili. Tairi la 110/80-19 lina rimu ya milimita 482.6, na ubavu wake ni asilimia 80 ya 110, yaani 88. Jumla ni 658.6. La 90/90-21 linafika 695.4. Nusu ya tofauti hiyo, milimita 18 na ushee, ndiyo inayopandisha ekseli ya mbele. Nyuma, 150/70-17 ni 641.8 na 150/70-18 ni 667.2, kwa hiyo ekseli inapanda karibu milimita 13.

Pua ya pikipiki imeinuka milimita 6 tu kuliko mkia, na hilo si baya. Ndiyo maana tunasema seti ibadilishwe yote. Ukibadilisha mbele peke yake, pua inapanda 18, pembe ya usukani inalala kama robo tatu ya digrii, na treili inarefuka. Treili ni ule umbali ulioko ardhini kati ya sehemu ambayo mstari wa usukani ungegusa na sehemu ambayo tairi linagusa. Kwa pikipiki yenye pembe ya digrii 26 na treili ya milimita 110, kubadilisha mbele pekee kunaifikisha kama 124. Kubadilisha zote mbili kunaishia karibu 120. Ukiwa mwendo wa kasi kwenye vumbi utaipenda, maana pikipiki inashika njia yake. Kwenye kona za polepole utaona usukani mzito, na ndivyo ilivyo. Usimlaumu fundi.

Wengi husawazisha zile milimita 6 kwa kupandisha shokapu za mbele ndani ya vishikio vyake. Inafaa, ila kuna mtego. Tairi jipya tayari limesogea milimita 18 kuelekea kishikio cha chini, na ukipandisha shokapu milimita 6 unakula nafasi nyingine. Jumla ni 24. Pima hivi: funga pikipiki kwenye stendi gurudumu la mbele likiwa hewani, fungua vifuniko vya juu vya shokapu, toa springi, kisha inua gurudumu kwa jeki mpaka shokapu zifike mwisho wa safari yake. Kati ya tairi na kishikio, madigadi, rejeta na bomba la ekzosi ibaki angalau milimita 10 kila upande, na ugeuze usukani kushoto na kulia ukiwa hapo hapo. Tairi hutanuka likipata kasi na hubeba matope. Kama madigadi ya chini inagusa, usiikate. Weka ya juu, ile ya mtindo wa enduro.

Nyuma kuna mtego mwingine ambao watu huugundua wakiwa wameshalipia. Tairi la milimita 667 linarefusha gia kwa asilimia 4, hivyo injini inakuwa nzito kupanda mlima, wakati wewe ulitaka kinyume chake. Dawa ni sproketi ya nyuma: ya meno 45 iwe ya 47. Lakini kila jino unaloongeza, cheni ikiwa ile ile, linavuta ekseli mbele kama milimita 4. Meno mawili ni 8. Jumlisha na zile 13 za tairi lenyewe: ukingo wa mbele wa tairi umesogea milimita 21 kuelekea swingamu, ule mkono wa fremu unaobeba gurudumu la nyuma. Kwenye pikipiki nyingi tairi litasugua. Nunua cheni yenye pingili mbili zaidi, maana hesabu ya pingili lazima iwe shufwa, na ekseli itarudi nyuma kama milimita 16. Angalia pia kwamba kuna milimita 5 au zaidi kati ya ubavu wa tairi na cheni.

Kabla ya kulipa, shika rula na ukague habu zenyewe, yaani vitovu vya magurudumu:

Ekseli yako ipite kwenye beringi bila kulegea. Matundu ya diski yawe na idadi na mzunguko ule ule. Diski ikae katikati kabisa ya kalipa, kile kishikio cha pedi za breki. Pima kutoka uso wa ndani wa shokapu hadi uso wa diski kwenye gurudumu la zamani, halafu kwenye jipya. Ikitofautiana hata milimita 2, pedi zitaburuza upande mmoja, diski ipate moto na breki iwe laini. Usiweke washa chini ya boliti za diski ili kusogeza. Rekebisha kwa spesa ya ekseli iliyochongwa kwa kipimo. Zungusha gurudumu polepole ukiangalia kalipa isiguse spoki, kwa sababu spoki hutoka nje kuliko mikono ya aloi. Nyuma, kishika sproketi na raba za habu vikae bila kucheza, na sproketi mbili ziwe kwenye mstari mmoja. Rula ndefu iliyolazwa ubavuni mwa sproketi ya nyuma itakuambia ukweli haraka kuliko jicho.

Kuhusu upana wa rimu: tairi la 90/90-21 hukaa vizuri kwenye rimu ya inchi 1.85 au 2.15, na 150/70 inataka 4.00, ingawa 3.50 hadi 4.50 zinakubalika. Rimu nyembamba ya enduro hubana tairi pana, mgongo wake unachongoka, na kwenye lami utaegemea ukingo mwembamba. Soma na namba ya uzito ubavuni: 59 ni kilo 243, 54 ni kilo 212. Kwa mwendeshaji anayefunga mizigo mbele, hizo kilo 31 si za kupuuza.

Baada ya kilomita 100 hivi za kwanza, pitia spoki zote. Zigonge kwa spana ndogo, zilie sauti zinazokaribiana. Inayolia butu imelegea. Kaza robo mzunguko kwa wakati mmoja, si zaidi. Mtikisiko wa rimu, juu-chini au pembeni, usizidi milimita 2.

Mwisho, stendi ya pembeni. Pikipiki imeinuka, kwa hiyo italala zaidi ikiegeshwa. Bati pana chini ya mguu wa stendi linatosha.

SWALI: Niliweka 21 mbele na nikaacha 17 nyuma. Sasa taa ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukishika breki) haizimiki, na nikiongeza mafuta kwenye njia iliyonyooka injini inakatika-katika kana kwamba naishiwa petroli. Kabureta sina, ni injeksheni. Fundi wangu amebadilisha plagi na pampu. Tatizo ni nini?

JIBU: Pole, na pampu yako ya zamani huenda ilikuwa nzima. Haya ni mambo mawili yaliyokuja kwa pamoja.

Kompyuta ya pikipiki haijui kimo cha tairi. Inahesabu meno ya ring'i ya ABS yanayopita mbele ya sensa, kisha inalinganisha mbele na nyuma. Tairi lako jipya la mbele linazunguka pole kwa asilimia 5 kuliko la zamani, na la nyuma halikubadilika. Kompyuta inaona nyuma inakimbia kuliko mbele, inaamini tairi la nyuma linateleza, na inapunguza nguvu za injini. Huko ndiko kukatika-katika. Ukizima udhibiti wa mtelezo kwenye menyu na hali ikaisha, umeshapata jibu bila kununua kitu.

Ukiweka 18 nyuma yenye tairi la 150/70, tofauti ya uwiano inashuka hadi chini ya asilimia 2, na mifumo mingi huvumilia hapo. Baadhi ya pikipiki huruhusu kuingiza mzunguko mpya wa tairi kwa mashine ya uchunguzi. Muulize mwenye mashine hiyo kabla ya kununua gurudumu lingine.

Taa isiyozimika mara nyingi ni kosa la kufunga. Hesabu meno ya ring'i mpya, yawe sawa na ya zamani. Pima nafasi kati ya sensa na ring'i kwa vipimio vya bati na uilinganishe na kitabu cha pikipiki. Ni nafasi ndogo sana. Zungusha gurudumu zima unapopima, kwa sababu ring'i iliyopinda husoma vizuri upande mmoja na kupotea upande mwingine. Mpaka taa izime, endesha ukijua kwamba breki zako hazina ABS.

SWALI: Mimi niko kinyume na wengine. Pikipiki yangu ni 21/18 lakini siendi porini kamwe. Nataka 17 mbele na nyuma, matairi ya lami. Nitapoteza nini?

JIBU: Utapoteza zaidi ya unavyodhani, na kosa kubwa liko mbele. Kutoka 90/90-21 hadi 120/70-17 ekseli inashuka milimita 48. Nyuma, kutoka 150/70-18 hadi 160/60-17, inashuka 22 tu. Pua inainama milimita 26 kuliko mkia. Kwa pikipiki yenye pembe ya digrii 27 na treili ya 105, treili inabaki kama 75. Usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na kwenye kasi ya barabara kuu, ukiwa na masanduku nyuma, unaweza kuanza kutikisika.

Shokapu za mbele zikiwa zimechomoza juu ya kishikio, zishushe mpaka ziwe sawa nacho. Utarudisha milimita chache. Zinazobaki punguza kwa kushusha mkia: punguza mkandamizo wa awali wa springi ya nyuma, au weka kiungo cha shokapu kilichotengenezwa kwa modeli yako, ukihakikisha tairi haligusi madigadi ya nyuma shokapu ikiwa imebanwa hadi mwisho. Hapo hesabu ya stendi ni kinyume cha ya msomaji wa kwanza: pikipiki itasimama wima mno na upepo mdogo utaiangusha upande wa pili. Stendi ifupishwe na fundi wa kuchomelea, ukipima pikipiki ikiwa na mzigo wa kawaida.

Breki ya mbele itauma zaidi, kama asilimia 16 kwa mkandamizo ule ule wa vidole, kwa sababu diski haikubadilika na gurudumu limekuwa dogo. Anza taratibu. Vikanyagio navyo vitagusa lami mapema kwenye kona, na bati la chini la injini halina tena nafasi ya kuruka matuta. Rimu za kutafuta ni 3.50 mbele na 4.50 nyuma. Kuhusu ABS, soma jibu lililotangulia. Kwako uwiano unabadilika kwa karibu asilimia 8.

SWALI: Gurudumu jipya la mbele limekula beringi mbili ndani ya muda mfupi. Ni za kampuni nzuri, zimefunikwa pande zote. Kwa nini?

JIBU: Fanya jaribio moja kabla ya kununua ya tatu. Gurudumu likiwa hewani na pedi zimetolewa, lizungushe kwa kidole ekseli ikiwa imelegezwa. Kisha kaza ekseli kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu na ulizungushe tena. Likiwa zito, spesa ya kati, lile bomba lililoko ndani ya habu kati ya beringi mbili, ni fupi.

Bomba hilo ndilo linalobeba nguvu ya ekseli. Likiwa fupi kuliko umbali kati ya sehemu mbili zinapokalia beringi, ukikaza nati unavuta ringi za ndani zielekeane, golori zinabanwa pembeni, joto linapanda na grisi inayeyuka. Bomba sahihi huwa sawa na umbali huo au refu kwa sehemu ndogo ya milimita. Habu za kuungaunga kutoka pikipiki tofauti ndizo zenye ugonjwa huu.

Namna ya kufunga nayo huua. Piga beringi kwa soketi inayogusa ringi ya nje tu. Ukipiga ya ndani, golori zinaacha alama na beringi imekufa kabla haijatembea. Ingiza ya kwanza mpaka ikae, weka bomba, kisha ingiza ya pili mpaka iguse bomba tu. Usiendelee kupiga.

SWALI: Naweza kutoa tyubu kwenye rimu za spoki na kuziba matundu kwa silikoni?

JIBU: Angalia herufi zilizogongwa kwenye rimu. MT ina tuta dogo ndani linaloshika mdomo wa tairi usidumbukie upepo ukipungua. Rimu hiyo inaweza kuzibwa kwa utepe na vifaa vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. WM kwa kawaida haina tuta. Ukipata pancha kwenye kona, mdomo unaachia mara moja na tairi linakuwa halina kazi. Baki na tyubu, ya saizi halisi ya rimu, na saga ncha za spoki zilizochomoza ndani ya nipo (zile nati ndogo za kukazia spoki) kabla ya kuweka mkanda wa rimu.