Lenzi za kihisi kidogo kwenye Sony A7 III

Ndugu, umeuliza kama lenzi yako ya milimita 35, uliyokuwa ukiitumia kwenye kamera ya APS-C (yenye kihisi kidogo, yaani kipande kidogo cha ndani kinachopokea mwanga), itafaa kwenye A7 III uliyoinunua kwa ajili ya harusi. Itaingia bila adapta, kwa kuwa kamera zote mbili zina mlango uleule wa E wa kufungia lenzi, wala haitaharibu chochote.

Tatizo ni duara la mwanga ambalo lenzi hiyo inalitupa ndani ya kamera: limepimwa kufunika kihisi cha takribani milimita 23.5 kwa 15.6, ilhali chako kipya kina 36 kwa 24. Kamera ikiachiwa ijiamulie, hukata kingo na kutumia sehemu ya katikati tu, hivyo megapikseli 24 hushuka hadi 10 hivi, na lenzi yako huona kama ya milimita 52. Kwa albamu ya kawaida zinatosha. Kwa bango la ukumbini, mimi nisingethubutu. Video ya 4K haiumii sana, kwani upana wa pikseli 3840 bado unapatikana.

Niliwahi kuzima ukataji huo Coco Beach jioni, na pembe zote nne za picha zikawa nyeusi kana kwamba nimechungulia kwenye bomba. Baadhi ya lenzi hufunika zaidi ya zinavyotangazwa, kwa hiyo jaribu yako kwenye ukuta mweupe kabla ya kuiuza Kariakoo kwa bei ya kutupa.